Makumbusho ya Munch, Oslo: kwa nini picha niliyoifuata ndiyo iliyonigusa kidogo kuliko zote?

#1 Kalamu Nyeusi (mleta mada)
Wakuu, salaam.

Nimetoka Oslo, kwenye jumba la makumbusho la Edvard Munch, mchoraji wa Norway, lile refu la ghorofa 13 pale Bjørvika kando ya maji, ambalo sehemu yake ya juu imeinama kama inachungulia mji. Nilikwenda kwa ajili ya picha moja tu: Yowe. Ile ya mtu aliyeshika mashavu, mdomo wazi, mbingu nyekundu nyuma yake. Nikaingia kwenye chumba chenye giza inakotundikwa, nikasubiri zamu yake, nikaitazama mpaka nikatosheka. Hakuna kilichotikisika ndani yangu.

Kisha nikapita ukumbi mwingine, nikakuta picha ya binti aliyelala amejiegemeza kwenye mto, na mwanamke kando yake ameinamisha kichwa kiasi kwamba uso wake hauonekani. Sikuwa na habari nayo kabla. Pale ndipo miguu ilipogoma kuondoka.

Dai langu ni hili: jumba linalojengwa kwa ajili ya mchoraji mmoja huizima picha yake maarufu na kuziinua zile ambazo hakuna anayezijua. Nataka kujua kwa nini inakuwa hivyo. Nipingeni kwa hoja.

#2 Mpita Njia
Naweka kambi hapa. Wajuzi waje.

#3 Mzee wa Fremu
Mkuu, kabla hatujafika mbali: ulikuta Yowe ipi? Pale zipo tatu, mchoro, picha ya rangi na chapa ya litografia (picha inayochapwa kutoka kwenye jiwe), na hazionyeshwi kwa pamoja. Moja ikiwa wazi, mbili zimefunikwa. Ukiingia wakati wa chapa, umeona nyeusi na nyeupe tu. Hapo lazima utoke mkavu, ile mbingu hukuiona.

#4 Kalamu Nyeusi
@Mzee wa Fremu nilianza na hiyo nyeusi na nyeupe, nikasubiri ikafungwa, ikafunguliwa ya rangi. Nimeziona zote mbili, na swali langu liko palepale. Tena ile nyeusi ilinishika kidogo zaidi, kwa sababu sikuwa nimeizoea.

#5 Bibi Turubai
Basi umejijibu mwenyewe, mwanangu. "Sikuwa nimeizoea." Yowe umeiona tangu utotoni: kwenye vikombe, fulana, katuni, hadi emoji ya simu. Ulipoingia kile chumba macho yako hayakuwa na kazi, yalikwenda kuhakikisha tu kwamba ipo. Ile ya binti mgonjwa yalikutana nayo bila kupewa habari. Wala si kosa la jumba. Ungeikuta Yowe peke yake nyumbani kwa mtu, ingekuwa vilevile.

#6 Dira
Naheshimu hoja ya Bibi, ila mimi naona sababu ni ya mikono zaidi kuliko ya macho. Yowe imefanywa juu ya kadibodi, si turubai. Ile ya rangi ya pale ni ya 1910, na ndiyo iliyoibwa Agosti 2004 mchana kweupe, wezi wenye silaha wakaibeba pamoja na Madonna, picha nyingine ya Munch. Zilipatikana Agosti 2006, na Yowe ilirudi imeharibiwa na maji kwenye kona ya chini kushoto. Juu ya hayo, utafiti uliotoka 2020 ulionyesha kwamba ile rangi ya njano ya kadmiamu inaoza, na adui wake mkubwa ni unyevu kuliko mwanga. Na unyevu mwingine unatoka kwenye pumzi zetu watazamaji.

Kwa hiyo wanaionyesha kwa muda mfupi, kwenye giza, kwa mwanga hafifu, huku watu wamebanana. Yaani unatazama mgonjwa aliye chini ya uangalizi maalumu. Ile ya binti umeisogelea kwa nafasi yako, kwenye mwanga wa kutosha, hakuna aliyekusukuma. Weka picha yoyote kwenye mazingira hayo mawili uone ipi itashinda.

#7 Kiberiti
Si ndiyo hiyo iliyoibwa wakati wa Olimpiki? Nakumbuka wezi waliacha kadi ya kushukuru kwa ulinzi mbovu 😂

#8 Mzee wa Fremu
@Kiberiti hapana, umeunganisha matukio mawili. Ya Olimpiki ni Februari 1994, siku ya ufunguzi wa michezo ya majira ya baridi ya Lillehammer, na iliyochukuliwa ni ile ya 1893 iliyo mali ya Makumbusho ya Taifa ya Norway. Ilipatikana Mei mwaka huohuo. Kadi ya shukrani ni ya tukio hilo. Tukio la 2004 ndilo la jumba la Munch, wakati huo likiwa bado kule Tøyen lilikofunguliwa 1963. Hili refu la Bjørvika limefunguliwa Oktoba 2021.

Wapo wanaofika Oslo wakadhani wameona "ile yenyewe" sehemu moja. Yenyewe ni ipi? Za rangi na pasteli (chaki za rangi) ziko nne: 1893 mbili, 1895 moja, 1910 moja. Ile ya 1895 iko mikononi mwa mtu binafsi, iliuzwa mnadani New York mwaka 2012 kwa karibu dola milioni 120. Chapa za litografia ni mbali na hizo nne.

#9 Kiberiti
Shukrani mzee. Wezi wa Norway wana adabu kuliko nilivyodhani.

#10 Chaki Nyekundu
Nimesoma kuanzia #1 na nahisi wote mnaitazama Yowe kama picha inayojitegemea. Munch mwenyewe hakuitaka hivyo. Aliiweka ndani ya mfululizo alioufanyia kazi miaka mingi, Mkanda wa Maisha: mapenzi, wivu, hofu, kifo. Berlin 1902 aliutundika mfululizo huo ukizunguka kuta za ukumbi, picha 22, moja ikiipa nyingine nguvu. Aliamini kwamba picha zake zinaeleweka zaidi zikiwa pamoja.

Sasa leo Yowe imetolewa kwa ndugu zake, ikafungiwa kwenye kijumba chake cha giza kwa sababu alizotaja Dira. Imebaki yatima. Mleta mada hakuguswa kwa sababu alionyeshwa sentensi ya katikati bila iliyotangulia wala iliyofuata. Yaani jumba la mtu mmoja, mahali pekee pangeweza kuurudisha mkanda ule ukutani, ndilo lililolazimika kuukata.

Hilo linaniuma kweli. Si kwa kuwalaumu wahifadhi, kadibodi ni kadibodi.

#11 Msomaji Mkimya
Huwa sichangii, leo nimeshindwa.

Ile picha ya binti ni Mtoto Mgonjwa. Mama yake Munch alikufa kwa kifua kikuu 1868, Edvard ana miaka mitano. Mwaka 1877 dada yake Sophie akaondoka kwa ugonjwa huohuo akiwa na miaka 15. Kwenye picha, mwanamke aliyeinama ni Karen, mama mdogo wa watoto wale, aliyewalea baada ya mama yao kufariki. Alikaa kama modeli kwa ajili ya picha hiyo, miaka kadhaa baada ya msiba. Fikirini hilo kidogo: mtu anakaa kitini kuigiza uchungu ambao aliupitia kweli, ndani ya familia hiyohiyo.

Ya kwanza aliifanya 1885 hadi 1886, akaikwangua na kuipaka upya mara nyingi mpaka uso wa turubai ukawa na makovu. Baadaye akairudia tena na tena kwa miaka 40, jumla ziko sita, na moja iko jumba la sanaa la Tate, London.

Nilimuuguza dada yangu. Nilipoitazama ile picha nilitambua kitu ambacho sijawahi kumsikia mtu akikisema: mgonjwa ndiye anayemfariji mwuguzaji. Binti anatazama mbali, ametulia. Aliyevunjika ni yule mzima. Hivyo ndivyo ilivyokuwa chumbani kwetu. Mleta mada, sijui maisha yako, lakini mimi naona picha ile humtafuta mtu wake.

#12 Bibi Turubai
@Msomaji Mkimya pole sana mwanangu. Karibu uchangie siku zote.

#13 Tofali
Pole @Msomaji Mkimya, na nitakalosema halipunguzi ulichosema.

Shaka yangu ni hii. Hapo tumeguswa na picha au na habari za msiba? Majumba ya mchoraji mmoja yana tabia ya kutusimulia maisha: alifiwa, alipendana na fulani, alipigwa risasi kidoleni 1902 kwenye ugomvi na mpenzi wake, alilazwa kliniki Copenhagen 1908. Ukifika kwenye turubai umeshaambiwa ulie wapi.

Kuna jumba la mchoraji Clyfford Still, Denver, Marekani. Yeye alifariki 1980 na kuacha wosia kwamba kazi zake zipewe mji wa Marekani utakaokubali kuzijengea makao ya kudumu: haziuzwi, hazigawiwi, wala haitundikwi kazi ya msanii mwingine humo. Zilikaa zimefungwa kwa miongo mitatu, jumba likafunguliwa 2011 na zaidi ya asilimia 90 ya kazi za maisha yake. Picha hazina majina. Namba na herufi tu, kwa kuwa hakutaka mtazamaji aongozwe na jina. Kuta za zege, mwanga wa jua unachujwa kupitia matundu ya dari, na ndani ya fremu ni rangi zilizochanika wima kama radi, kubwa kuliko mtu.

Nilipotembelea pale sikujua chochote kuhusu mke wake, baba yake wala magonjwa yake. Nilitetemeka. Kwa hiyo mtu anaweza kuguswa bila hadithi, na ndiyo sababu naipinga #11 kama jibu la jumla.

#14 Msomaji Mkimya
@Tofali nakuelewa, ila mpangilio ulikuwa kinyume. Picha niliiona kwanza, maelezo ya ukutani nikayasoma baadaye. Na mleta mada kasema hakuwa na habari nayo kabisa.

#15 Shemeji wa Arles
Hatuwezi kuwa na uzi wa aina hii bila Amsterdam. Jumba la Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, lililofunguliwa 1973, lina picha zake zaidi ya 200 na michoro karibu 500, pamoja na barua zake nyingi. Na lisingekuwepo bila shemeji yake, Johanna. Vincent alifariki Julai 1890, mdogo wake Theo akamfuata Januari 1891, na Johanna akabaki mjane na mtoto mchanga na nyumba iliyojaa picha ambazo hazikuwa na wanunuzi. Alizitunza, akazionyesha, akachapisha barua 1914. Mtoto yule, aliyepewa jina la baba yake mkubwa, ndiye baadaye aliyesaidia jumba kuwepo.

Kuhusu swali: kule mimi nilipatwa na jambo jingine. Niliona picha ya chumba chake cha kulala, kuta za buluu, nikaipenda. Kisha nikasoma kwamba kuta zile alizipaka zambarau, wekundu umefifia kwa miaka, ikabaki buluu. Kwa hiyo niliyoipenda ni kazi ya Van Gogh na ya wakati kwa pamoja. Huenda Yowe ya 1910 nayo imepoteza kitu, na mwili wa mleta mada ulilijua hilo kabla ya akili.

#16 Dira
@Shemeji wa Arles hapo mwisho umeruka sana. Kuoza kwa njano kupo, ila ile Yowe ukiitazama bado inawaka.

#17 Kiberiti
Naona tumeshatoka Oslo, tumepita Denver, tuko Amsterdam. Kesho tunalala wapi?

#18 Mzee wa Fremu
Nawarudisha Oslo. Kuna jambo moja kuhusu Yowe ambalo pengine lingebadilisha alivyoitazama mleta mada. Wengi wanadhani yule mtu anapiga yowe. Kwa maandishi ya Munch mwenyewe, alikuwa akitembea jioni na rafiki zake wawili, mbingu ikawa nyekundu, wao wakaendelea na safari, yeye akasimama na kuhisi yowe likipita katika maumbile yote. Yule mtu ameziba masikio. Analisikia. Na wale wawili kule nyuma ya daraja hawajasikia kitu.

#19 Chaki Nyekundu
Na ndiyo maana inahitaji kusimama jirani na picha nyingine za hofu, ile ya umati unaokujia uso kwa uso jioni. Narudia #10.

#20 Mwanga wa Jioni
Hiyo mbingu nayo ina kesi yake. Wapo wanaastronomia wa Marekani waliosema ni Krakatoa: volkano ililipuka Indonesia Agosti 1883, majivu yakasambaa hewani na kuzipaka mbingu wekundu hadi Norway mwishoni mwa mwaka ule. Wengine wanasema ni mawingu yale ya lulu yanayoonekana juu sana wakati wa baridi, yenye mawimbi kama ya picha. Wengine wanasema acheni hali ya hewa, ni moyo wake. Na kuhusu uso, kuna mwanahistoria wa sanaa aliyependekeza kwamba Munch aliuchukua kwa maiti iliyokaushwa ya Peru iliyokuwa Paris.

#21 Tofali
Krakatoa siikubali. Yaani aone mbingu 1883, aandike habari zake 1892, aipake 1893? Miaka kumi ameibeba?

#22 Msomaji Mkimya
@Tofali dada yake aliondoka 1877, akampaka 1885, akaendelea mpaka uzeeni. Kubeba jambo miaka kumi kwake haikuwa kitu.

#23 Mwanga wa Jioni
Hapo #22 umenena. Mimi mwenyewe naegemea mawingu ya lulu, kwa sababu ya yale mawimbi, ila Krakatoa haifi kwa hoja ya muda peke yake.

#24 Nta na Kadibodi
Nyongeza kwa wapenda vitu vidogo. Ile ya 1893, ya Makumbusho ya Taifa, ina madoa meupe ambayo kwa miaka mingi yalisemwa ni kinyesi cha ndege, kwa kuwa Munch alikuwa na mazoea ya kuacha picha nje. Mwaka 2016 wakayapima: ni nta. Pengine ya mshumaa. Na juu kushoto kuna maandishi madogo ya penseli yanayosema kwamba picha hii ingeweza kuchorwa na mwendawazimu tu. Ilidhaniwa mtazamaji aliyekasirika ndiye aliyeandika. Mwaka 2021 wakalinganisha mwandiko na kutangaza kuwa ni wa Munch mwenyewe.

Suala la kuacha picha nje ni la kweli hata hivyo. Nyumbani kwake Ekely, alikohamia 1916, nyingine zilipigwa na mvua na theluji. Wapo wanaosema alifanya makusudi ili zikomae, wapo wanaosema hakuwa na nafasi ya kuziweka.

#25 Bibi Turubai
Makusudi. Mtu anayekwangua turubai mpaka litoe makovu, kama alivyosema Msomaji Mkimya, hashangazwi na mvua.

#26 Nta na Kadibodi
Bibi, alikuwa na kazi kwa maelfu na nyumba ni moja. Nafasi.

#27 Nahodha wa Ghorofa
Natoa la vitendo, maana hakuna aliyegusa miguu. Mtu anafika, anakimbilia Yowe kwanza, amebanwa na hamu na foleni, anatazama akiwa na haraka. Halafu anapunguza mwendo, na picha ya baada ya hapo inapata faida yote. Jaribuni kugeuza. Anzeni na ukumbi wa picha kubwa mno. Mle mna Jua, jua linalochomoza juu ya bahari na miale inayokufikia usoni, ya jamii moja na ile aliyoifanya kwa ajili ya ukumbi wa Chuo Kikuu cha Oslo. Nyingine, Watafiti, ina upana wa zaidi ya mita 11, na ilibidi picha hizo zipandishwe kwa winchi na kuingizwa kupitia upenyo kwenye ukuta wa jengo jipya kwa sababu mlangoni zisingepita.

Ukitoka kwenye Jua ndipo uende kwenye giza la Yowe. Mimi niliipata kwa njia hiyo, na ilinipiga.

Pia tafuteni michoro ya jicho. Mwaka 1930 mshipa ulipasuka kwenye jicho lake la kulia, akawa anaona madoa na maumbo, akayachora kama alivyoyaona, siku baada ya siku. Karatasi za namna hiyo zinatunzwa na jumba la mtu mmoja tu. Jumba la kawaida lingechukua picha tano bora na kuacha jicho.

#28 Kalamu Nyeusi
Shukrani wakuu. Nimewasoma wote.

@Bibi Turubai mazoea yanaeleza kwa nini Yowe ilinyamaza, ila hayaelezi kwa nini ile nyingine ilisema. @Dira nakubali giza na msongamano, lakini Madonna nayo niliiona kwenye msongamano na nilishikwa. @Chaki Nyekundu hoja yako ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu Mtoto Mgonjwa nayo niliikuta bila ndugu zake wa karibu na haikuhitaji msaada. @Tofali nataka kujua: kule Denver, baada ya kutetemeka, kuna picha moja unayoikumbuka kwa umbo lake, au unakumbuka hali tu?

@Nahodha wa Ghorofa Jua nililiona mwisho, nimechoka. Hilo najuta.

#29 Tofali
Nakumbuka moja. Nyeusi karibu yote, na mstari mmoja mwembamba mwekundu unaoshuka upande. Namba yake siikumbuki, na Still angefurahi.

Ila @Kalamu Nyeusi bado hujajibiwa kuhusu ubora. Mchoraji akiacha kila kitu kwa mji, kama Munch kwa wosia wa 1940, majeshi ya Hitler yakiwa yameshaingia Norway na kazi zake 82 zikiwa zimeondolewa kwenye makumbusho ya Ujerumani tangu 1937, basi na zile dhaifu zinaingia. Pale kuna kazi zaidi ya 26,000. Nyingine ni za kujaribu tu. Ukipita mbele ya kumi dhaifu, ya kumi na moja ikiwa nzuri kidogo itakuangusha. Huenda Mtoto Mgonjwa ilikuwa ya kumi na moja.

#30 Msomaji Mkimya
Mtoto Mgonjwa si nzuri kidogo, @Tofali. Nenda kasimame mbele yake kisha urudi kwenye uzi huu.

#31 Chaki Nyekundu
Na akienda apite kwanza Makumbusho ya Taifa aione ya 1885 hadi 1886, ile yenye makovu, halafu ya uzeeni kule Bjørvika. Rangi za baadaye ni kali na mkono ni mwepesi zaidi. Mimi napenda ya kwanza. Najua wapo watakaopinga.

#32 Nahodha wa Ghorofa
Napinga. Ya uzeeni ina kijani pale pembeni ambacho kijana wa miaka 22 asingethubutu kukiweka.